Ukijibu Umekosa, Usipojibu Umekosa

Tusi lina nafuu moja: kila aliyelisikia anajua kuwa ni tusi. Ukitukanwa sokoni, mama wa meza ya jirani atageuka, kuli atatua mzigo wake, na aliyetukana ataambiwa palepale achunge mdomo. Lakini ukiulizwa "Kwani wewe huna macho?" unabaki peke yako. Aliyekuuliza atasema aliuliza tu. Ukimwambia unayo, umekuwa jeuri. Ukinyamaza, linakuja la pili: "Si naongea na wewe?" Na hilo nalo ukilijibu umekosa, usipolijibu umekosa.

Nimekulia Kirumba, hapa Mwanza, nauza dagaa soko la Mwaloni, na kazi hii ni ya kuulizwa kuanzia mapambazuko mpaka unafunika mzigo kwa turubai. Ndiyo maana jambo hili nimeliwaza sana, na linaniuma. Watu wengi wa kwetu wakiambiwa wataje maneno ya kukosa adabu watataja matusi ya nguoni. Mimi naona matusi ya nguoni ni machache, na anayeyatoa mara nyingi amelewa au hasira zimempanda. Tunachoumizana nacho kila siku, tukiwa na akili zetu timamu, ni maswali.

Sekondari tulifundishwa kwamba swali ambalo muulizaji analijua jibu lake linaitwa tashititi, nalo ni pambo la lugha. Tuliyachomoa maswali ya namna hiyo kwenye mashairi na tamthiliya, tukayaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Sikatai, ni pambo. Methali zetu zimejaa hayo: "Angurumapo simba mcheza nani?" "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Lakini mfano wa ubaoni haukutuonyesha nani anamwuliza nani, na anayeulizwa ana ruhusa gani ya kufungua mdomo. Hilo nimejifunza kwingine.

Kwanza nianze na upande wa heri, maana kuuliza jambo unaloliona kwa macho si kosa hata kidogo. Jirani anapita, anakukuta umeinama kwenye beseni, povu limefika viwikoni. "Mama Neema, unafua?" "Nafua, karibu." Anaona kabisa kwamba unafua. Umeshuka na begi kichwani, jasho linakutoka: "Umerudi?" "Nimerudi." Umesimama mlangoni na mswaki mdomoni: "Umeamka?" Mgeni asiyetujua anaweza kudhani tumepungukiwa na akili, tunaulizana yaliyo wazi mchana kweupe. Sisi tunajua kinachosemwa hapo: nimekuona, na kazi yako nimeiona, sikutaka kupita kimya.

Bibi yangu wa Kisesa ndiye aliyenikomaza katika hili. Ukifika kwake asubuhi ni "mwangaluka" kwanza, salamu ya Kisukuma, umepiga goti, halafu maswali yanafuatana: umelala salama, watoto je, wazee je, mvua huko kwenu, safari ilikuwaje. Kila moja unajibu kwa wema, hata kama nyumbani umeacha msiba. Habari yenyewe ya msiba inasubiri ukae, upewe maji, na yeye aulize tena kwa sauti nyingine: "Haya, za huko?" Hapo ndipo unasema. Nilipokuwa mdogo niliona ni kuzungushana. Nilipoanza kupokea watu wenye shida zao nikaelewa kwamba yale maswali ya mwanzo yalikuwa yanampa mtu nafasi ya kutuliza pumzi kabla hajasema neno zito.

Kwa hiyo anayekosa adabu ni yule anayemjibu jirani, "Kwani huoni nafua?" Mwenzake kamletea salamu, yeye kamrudishia swali la kumfunga mdomo. Nimewahi kuona majirani wa ukuta mmoja wakikaa miezi bila kusemeshana kwa sababu ya "kwani huoni" moja tu. Hakuna tusi lililotoka. Ukiwakalisha wazee wasuluhishe, yule aliyejibu atauliza: "Sasa mimi nimesema nini kibaya?"

Sokoni ni ulimwengu mwingine, na ninausifu. Dagaa wanaletwa kwa mitumbwi na boti kutoka visiwani, Ukerewe na kwingineko, wamevuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mzigo unapungua na bei inapanda. Wanaoanikwa chini huja na mchanga. Wa kwenye chanja ni safi, lakini bei yake si ya kila mtu. Sasa mnunuzi anachota kiganja, anawachekecha, mchanga unabaki kwenye mistari ya vidole. Ananiangalia. "Mama, hawa ni dagaa au mchanga?"

Akiniuliza hivyo ofisini ningeumia. Pale mezani nafurahi, kwa sababu najua nina zamu yangu. "Kwani nikikutajia bei ya wa chanja utakaa hapa?" Anacheka. "Sado moja bei hiyo, unataka niuze nyumba?" "Kwani mimi nimewaokota?" Tunakwenda hivyo, swali kwa swali, hakuna hata mmoja anayetaka jibu, mpaka bei inapoangukia mahali. Halafu la mwisho, ambalo halina mnunuzi asiyeliuliza: "Na nyongeza je?" Naweka kiganja kimoja juu ya sado, anafunga mfuko wake, anaondoka akiniombea heri. Konda wa daladala ya Buhongwa naye ni vilevile. Atapaza sauti, "Huko nyuma mnaogopa nini, kuna fisi?" na lazima atatokea abiria wa kumwambia fisi amesimama mlangoni. Gari zima linacheka na watu wanasogea.

Tofauti yake na lile la "huna macho" sikuipata siku moja. Maneno yanalingana ukali, pengine ya sokoni ni makali zaidi. Lakini sokoni mimi na mnunuzi tumesimama sawa. Kila mmoja anaweza kujibu na asionekane mkosefu, na kila mmoja anaweza kuondoka. Palipo na ruhusa ya kujibu, swali linakuwa mchezo wa wazima wawili. Iondoe ruhusa hiyo, maneno yaleyale yanakuwa kofi.

Ziwa hili linatuletea pia watu ambao adabu zao zimepangwa kivingine, na hapo nimeona swali la kweli likisikika kama la dharau. Msimu mmoja alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo, upande wa Kisumu, ambako dagaa wanawaita omena. Akasimama mbele ya mzigo wa jirani yangu, mama wa Kikerewe aliyenizidi umri, akachota, akanusa, akauliza: "Mama, unauza ama hauuzi?" Mama akainuka, mikono kiunoni. "Kwani nimekaa hapa kuota jua?" Yule kaka akashangaa. "Sasa mbona unakasirika? Si nimeuliza tu?"

Na kweli alikuwa ameuliza tu. Mwaloni mzigo unaweza kukaa pale kutwa ukiwa umeshalipiwa, unasubiri lori. Meza mbili alizotoka walikuwa wamemwambia dagaa wana mwenyewe. Alitaka kujua, basi. Lakini kwetu mtu akikuuliza kama unauza au huuzi, na bila salamu, anakuambia umelala kazini. Nikamwambia, "Kaka, msalimie mama kwanza, halafu muulize kama huu mzigo una mwenyewe." Akasema, "Habari ya asubuhi, mama." Mama akaitikia, sauti bado ina ukakasi. "Huu mzigo uko na mwenyewe?" "Ni wangu. Karibu." Biashara ikafanyika, ingawa bei mama hakuipunguza hata shilingi, na nadhani salamu ingetangulia angeipunguza. Sisemi wale wenzetu hawana adabu. Kwao kwenda moja kwa moja kwenye shida ni kumheshimu mtu kwa kutompotezea muda. Wakongomani nao wana yao, na Wahaya, na Wajita. Ukikaa Mwaloni unajifunza kutohukumu swali kabla hujajua limetoka kwa nani.

Lakini kuna mahali ambapo sina uvumilivu, nako ni pale mkubwa anapomwuliza mdogo.

Angalieni tunavyowauliza watoto. "Unaniona mimi mjinga?" "Nani kakutuma?" "Unajifanya mkubwa?" Mtoto afanye nini na maswali hayo? Akisema "hapana, mama," tunamshukia na lingine: "Unanijibu?" Huyo mtoto ameulizwa na akajibu, na kujibu kwenyewe ndiko kosa. Akiinamisha uso tunasema ananuna. Hakuna njia ya kutokea. Mtoto aliyelelewa hivyo anajifunza kwamba akiulizwa jambo na mkubwa, usalama ni kukaa kimya, na siku akiulizwa swali la kweli, la kumwokoa, kwamba fulani amekufanya nini, atakaa kimya vilevile. Hilo linanitisha kuliko yote niliyoandika hapa.

Na lipo swali moja la wakubwa ambalo ningekuwa na uwezo ningelifuta Mwanza nzima: "Kwenu hakuna mama?" Wanasema hivyo kwa mtoto mchafu, mtoto aliyechelewa, mtoto aliyesahau kusalimia. Nyuma yake kuna ile methali ya asiyefunzwa na mamaye. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, wakafa mamia ya watu, na waliozikwa Igoma makaburi yao yapo mpaka leo. Mwaka uliofuata, darasani kwetu, mwalimu alikuwa anakagua sare. Akafika kwa mvulana mmoja ambaye kola ya shati lake ilikuwa imeachana na mshono. Akaishika kwa vidole viwili. "Wewe, kwenu hakuna mama?"

"Hayupo, mwalimu. Alikuwa kwenye meli."

Mwalimu aliiachia kola, akapita kwa mwanafunzi anayefuata. Hakuwa mtu mkatili, na swali lile alikuwa ameshatuuliza wengi asubuhi ileile, nasi tukiinamisha vichwa kama inavyotakiwa. Kosa la swali la namna hiyo ni kwamba limetengenezwa bila nafasi ya ukweli kupita. Mvulana yule alipoutia ukweli ndani yake, mwalimu hakuwa na neno la kupokelea. Hata pole hakuiweza.

Madirishani kwenye ofisi hali ni hiyohiyo, ila wakubwa na wadogo wanageuka: aliyeketi ndani ndiye mkubwa, hata awe na umri wa mjukuu wako. "Huwezi kusubiri?" "Unafikiri uko peke yako?" "Unaona nimekaa bure?" Niliwahi kumsindikiza mzee wa Ukerewe, rafiki wa marehemu baba, kufuatilia karatasi zake kwenye ofisi moja ya mjini. Alikuwa ameshuka meli ya Nansio, kavaa koti lake la safari, mkononi ana bahasha ya kaki iliyolainika kwa kukunjwa. Zamu yetu ilipofika, kijana wa dirishani hakuinua uso. "Mzee, hukuona tangazo hapo mlangoni?"

Mimi nilishaanza kupandwa na damu. Mzee akavua kofia, akainama kidogo ili sauti iingie kwenye lile tundu la kioo. "Nimeliona, mjukuu wangu. Ni karatasi nyeupe, ina mhuri chini. Kusoma ndiko sikujaliwa. Kama una nafasi, ungenisomea."

Kijana aliinua uso. Akamtazama mzee, akaitazama bahasha. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akaja mpaka kwenye tangazo, akamsomea mstari kwa mstari huku akimwonyesha kwa kidole kipi kinamhusu na kipi hakimhusu. Kilichokuwa kimepungua ni nakala moja tu. Akamwonyesha pa kuitoa. Na kabla hajarudi ndani akasema, "Shikamoo babu," salamu ambayo ilipaswa kutangulia. "Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia bila kinyongo.

Njiani nilimwuliza kama hakukasirika. Akaniambia, "Mtoto kauliza. Mimi nimemjibu." Hakuongeza, akaanza kuuliza bei ya sato.

Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi, kwa sababu mzee hakufanya lile ambalo wengi wetu tungefanya, la kurudisha swali kwa swali: "Unajua mimi ni nani?" Alilichukua lile swali la kufunga mdomo akalitendea kama swali la kweli. Aliulizwa kama ameona, akasema alichoona. Kijana akapewa njia ya kurudi kwenye ubinadamu wake bila kuaibishwa mbele ya foleni. Tangu hapo ndivyo ninavyowafundisha wasichana wanaonisaidia mezani. Mnunuzi akiuliza kwa ukali "Mnanionaje?" baada ya kuona sado haikujaa, tusianze kujitetea wala kumwambia aende kwingine. "Unaona haikujaa, kaka? Haya, tuipime upya." Tunamwaga, tunapima mbele yake. Akitaka kugomba bado, atagomba na sado.

Njia hii ina mipaka yake, lazima niseme. Mzee aliweza kwa sababu ni mzee. Kijana akimjibu bibi yake maneno yaleyale, kwa upole uleule, ataambiwa anamkejeli. Ndiyo maana nasema mzigo uko kwa mkubwa: yeye ndiye anayeamua kama swali lake lina mlango au halina. Mdogo hana uwezo wa kuuchonga mlango huo akiwa upande wake.

Msibani ni habari nyingine. Mama aliyefiwa anapolia "Mbona umeniacha? Nani atanilea watoto?" hakuna anayemjibu, na hakuna anayetakiwa kujibu. Anayejibu pale, akaanza kuhesabu ndugu watakaosaidia, ndiye hana adabu. Unakaa karibu, unashika mkono, unasema lile swali jingine ambalo halina jibu na limetubeba miaka yote: "Tutafanyaje?" Ni la wote waliokaa kwenye mkeka ule, ndiyo maana halimchomi mtu.

Ustadi mkubwa kuliko wote niliuona kwa mama yangu, na ulihusu madeni. Dagaa ni biashara ya kukopeshana. Mnunuzi wa Kahama au Shinyanga anachukua magunia, anauza, analeta hela akirudi kuchukua mengine, au haleti. Ukimwuliza "Hela yangu utanipa lini?" umeuliza swali la kweli kabisa, unataka siku, na una haki. Lakini umemvua nguo. Mama hakuwahi kuliuliza. Alikuwa anasalimia mpaka salamu ziishe, anauliza watoto, anauliza barabara, halafu kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka: "Hivi ile hesabu yetu tuliishia wapi vile?"

Alikuwa anajua tuliishia wapi mpaka shilingi ya mwisho. Daftari lilikuwa chini ya khanga yake. Mdaiwa naye alijua kwamba mama anajua. Lakini swali lile lilimweka mdaiwa kwenye nafasi ya anayemsaidia mama kukumbuka, si anayeshikwa shati. Alijibu kiasi chenyewe kwa mdomo wake, na mtu akishakitaja kiasi kwa mdomo wake mwenyewe hawezi kukikana kesho. Wapo waliomdhulumu hata hivyo. Wengi walilipa, na waliolipa waliendelea kuja mezani kwake mpaka alipoacha kazi, na watoto wao ndio wateja wangu.

Vijana wangu wanataka madeni tuyafuatilie kwa ujumbe wa simu, ni nafuu na unabaki na ushahidi. Tulijaribu. Ukiandika "ile hesabu tuliishia wapi" kwenye simu, ile sauti ya kukumbuka haipo, inasomeka kama polisi. Mmoja alirudisha neno moja: "Kwani?" Basi nimerudi kwenye kupiga. Wiki iliyopita nilimpigia mama mmoja wa Kahama, tukaulizana watoto na mvua, halafu nikauliza kama alivyokuwa anauliza mama. Akacheka kidogo. "Tuliishia magunia mawili, shoga yangu. Ijumaa." Ijumaa ilipofika alituma ya gunia moja, na la pili akapiga mwenyewe kunieleza limekwama wapi.